Shanga zilizokuwa sala: habari za maneno ya Kiingereza

Wengi wenu jioni mkishika rozari mnaziacha punje zake zipite katika vidole moja moja, na kwa kila punje mnasema Salamu Maria. Mtu akiwauliza: « Hicho mnachoshika ni nini? » mtajibu: « Ni rozari, ni shanga za kuhesabia sala. » Hakuna kwetu anayechanganya mambo hayo mawili. Shanga ni shanga, na sala ni sala. Lakini katika lugha ya Waingereza mambo yaligeuka: shanga zilijitwalia jina la sala, zikalishika hata leo, na sala ikaachwa bila jina lake. Habari hiyo tunataka kuwasimulia, pamoja na nyingine za namna hiyo, kwa maana vijana wetu wengi wanajifunza Kiingereza, nao wanadhani kila neno lilizaliwa na maana ile ile wanayoikuta kitabuni.

Neno lenyewe ni « bead ». Leo maana yake ni ushanga, tena kitu cho chote kidogo cha mviringo, hata tone la jasho juu ya paji la uso. Lakini Waingereza wa kale, kabla ya mwaka 1066, walisema « gebed », na maana yake ilikuwa sala tu. Waflamand wanalisema neno hilo hata leo bila kubadili herufi moja. Wale mapadri wa Kiflamand waliokuja Kongo walilijua tangu utoto wao: kwao « gebed » ni sala, na ukiwaambia kwamba kwa Waingereza neno hilo limekuwa mapambo ya shingoni watacheka.

Ilikuwaje basi? Zamani zile watu wengi hawakujua kusoma. Wamonaki walisali zaburi 150 kwa Kilatini. Mtu wa shamba alisali Baba Yetu, au baadaye Salamu Maria, mara 150 badala ya zaburi. Lakini kuhesabu mpaka 150 na kufikiri mambo ya Mungu pamoja si kazi rahisi. Kwa hiyo walitunga vifundo vya mti, vya mfupa, au vya kaharabu katika uzi. London, karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, palikuwa na njia iliyoitwa Paternoster Row, na mafundi wa kazi hiyo walikaa huko. Sasa mtu aliposema: « Ninahesabu sala zangu », jirani yake aliona nini? Sala haionekani. Aliona vidole vinasukuma vifundo. Mtoto aliyemwona mama yake akifanya hivyo alifahamu kwamba « sala » ni kile kitu kidogo cha mviringo. Hakuna aliyeamuru neno ligeuke. Liliteleza lenyewe kutoka kinywani mpaka vidoleni.

Kwa miaka mingi maana zote mbili zilikaa pamoja. Palikuwa na maskini walioitwa « bedesman », yaani watu wa sala: tajiri aliwapa nyumba na chakula, nao wakamwombea yeye akiwa hai, na roho yake akiisha kufa. Palikuwa na orodha ya marehemu wa parokia, iliyosomwa kanisani ili Wakristu wote wawaombee. Nayo iliitwa kwa jina hilo hilo la sala. Kutajwa katika orodha ile lilikuwa jambo kubwa sana kwa watu. Mtu aliacha mali kwa kanisa ili jina lake lisisahauliwe.

Mwaka 1534 mfalme Henri wa Nane alijifanya mkubwa wa Kanisa la Uingereza. Mwaka 1538 amri zake zilikataza watu wasitegemee kusali kwa kuhesabu shanga. Mwaka 1547, wakati wa mwanawe Edward, serikali ilifunga nyumba na altare zilizowekwa kwa kuwaombea marehemu, ikachukua mali zake. Na mwaka 1571, chini ya malkia Elizabeth, sheria iliweka adhabu kali kwa mtu atakayeleta kutoka Roma misalaba, picha, au shanga zilizobarikiwa. Sheria ile ilitumia neno « beads ». Basi, sala ilikatazwa, orodha za marehemu zilichomwa au zilitupwa, watu wa sala walitawanyika. Neno likabaki halina nyumba ila katika kile kitu cha mviringo.

Tena likasafiri mbali. Wafanya biashara walipakia shanga za kioo katika merikebu, wakazileta Afrika. Stanley alipokuja kumtafuta Livingstone, mwaka 1871, wapagazi wake walibeba mizigo na mizigo ya shanga pamoja na nguo na nyaya za shaba, kwa maana ndizo zilizokuwa feza ya kununulia chakula njiani mpaka Ujiji. Wazee wetu wa ng'ambo hii ya Tanganika walizijua vizuri, wala hawakukubali rangi yo yote tu: kila nchi ilikuwa na rangi yake, na msafiri aliyeleta rangi isiyopendwa alilala njaa. Waingereza waliosoma vitabu vya Stanley waliliona neno « beads » karibu kila ukurasa. Ni wangapi kati yao waliofikiri kwamba babu zao waliitumia sauti ile ile kwa kusema na Mungu?

Msidhani neno hilo liko peke yake. Kiingereza kimejaa maneno yaliyozaliwa kanisani yakatoka nje, mengine kwa furaha, mengine kwa aibu. « Holiday », siku ya kutofanya kazi, ni siku takatifu tu, siku ya sikukuu. « Goodbye », neno la kuagana, ni sala fupi: Mungu awe nawe, ilisemwa haraka haraka mpaka jina la Mungu likamezwa, na mahali pake pakaingia neno la « njema », kwa sababu lafanana na salamu nyingine za mchana na za usiku. Wafaransa wanaosema « adieu » wamelitunza jina la Mungu vizuri zaidi, ijapo sijui kama wote wanalisikia.

Lakini « silly » ndiyo ya kusikitisha. Leo mtu akikuita « silly » amekutukana kidogo: wewe ni mpumbavu. Neno hilo lilianza kuwa « sælig », yaani mwenye heri. Tena Waflamand ni mashahidi wetu: « zalig » kwao ni heri, na heri zile nane za mlimani wanazisema kwa neno hilo. Mwingereza alilitelemsha ngazi kwa ngazi. Mwenye heri ni mtu asiye na hatia. Asiye na hatia hajui hila za dunia. Asiyejua hila huonewa, basi ni wa kuhurumiwa. Wa kuhurumiwa ni mnyonge. Na mnyonge, wenye nguvu husema hana akili. Safari hiyo ilichukua karibu miaka 500, na kila hatua ilionekana ndogo. Tukisema kweli, inatufundisha zaidi habari za watu waliolitumia neno kuliko habari za neno.

Mtakatifu mmoja naye alipatwa na ajali ya namna hiyo. Katika karne ya 7 alikuwako malkia jina lake Æthelthryth, ambaye watu walimwita kwa kifupi Audrey. Aliacha ufalme, akawa mtawa, akaanzisha monasteri mahali paitwapo Ely, akafa mwaka 679. Padri Beda, aliyeandika historia ya Kanisa la Waingereza na kuimaliza mwaka 731, anasema kwamba malkia yule alikufa kwa uvimbe wa shingo, naye aliupokea kwa uvumilivu, akisema ni malipo ya mikufu ya anasa aliyoivaa katika ujana wake. Kwa ukumbusho wake palikuwa na soko huko Ely kila mwaka mwezi wa Oktoba, na wachuuzi waliuza humo, kumbe, mapambo ya shingo! Tepe za hariri za Saint Audrey. Mwanzoni zilikuwa nzuri. Baadaye wachuuzi walileta za bei rahisi, zenye rangi kali, za kuchanika upesi. Watu walikata jina: « Saint Audrey » ikawa « tawdry », na leo « tawdry » ni kitu cho chote chenye kung'aa bila thamani. Malkia aliyejuta kuvaa mikufu amekuwa jina la mkufu mbaya.

Na hospitali ya Betlehemu? Mwaka 1247 ilijengwa London monasteri ya Mtakatifu Maria wa Betlehemu. Baadaye ilipokea wagonjwa, na kabla ya mwaka 1410 ilikuwa na wagonjwa wa akili. Watu wa mji walitamka Betlehemu kwa njia yao, « Bedlam », na kwa sababu ya kelele na taabu zilizosikika ndani, « bedlam » ikawa maana yake machafuko, makelele yasiyo na mpango. Mahali alipozaliwa Mfalme wa Amani!

Tuseme sasa habari za mtu mmoja ambaye jina lake lilidhulumiwa kupita wote. Padri Yohane Duns Scotus, Mfransisko, alizaliwa Scotland katika mji mdogo wa Duns, karibu na mwaka 1266. Alifundisha Oxford na Paris, akafa Köln mwaka 1308. Alikuwa na akili ya kupambanua mambo mpaka wakamwita Mwalimu mwenye akili kali. Yeye ndiye aliyetafuta njia ya kueleza jinsi Bikira Maria alivyoweza kukingiwa dhambi ya asili, na bado akawa amekombolewa na Mwanawe: kukinga, alisema, ni kukomboa kulio bora kuliko kuponya. Wanafunzi wake walienea katika shule zote. Lakini katika karne ya 16 walikuja wataalamu wapya waliopenda Kigiriki na Kilatini safi, na wafuasi wa Duns walipowapinga, wale wapya wakawacheka: « Huyu ni Duns! » Mwaka 1535 wajumbe wa mfalme walifika Oxford kusafisha masomo. Mmoja wao aliandika barua akijivuna kwamba kurasa za vitabu vya Duns zilikuwa zikipeperushwa na upepo uani mwa chuo kimoja, na bwana mmoja wa jirani alikuwa akiziokota ili atengeneze vitisho vya kuzuia paa wasitoke msituni mwake.

Tangu hapo « dunce » ni mtoto mjinga wa darasani, yule asiyeshika somo. Katika shule za zamani walimvika hata kofia ya karatasi. Jina la mtu mwenye akili kuliko karibu wote wa wakati wake! Mwaka 1854 Papa Pius wa Tisa alitangaza imani ya Maria Mkingiwa dhambi ya asili, na mwaka 1993 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtukuza Duns Scotus kuwa Mwenyeheri. Kanisa limemrudishia heshima yake. Lugha ya Kiingereza haijamrudishia.

Maneno mengine yalipanda wakati wenzake walishuka. « Knight » na « knave » zamani yalikuwa karibu ndugu: yote mawili maana yake ni mvulana, mtumishi kijana. La kwanza lilimfuata mtumishi wa mfalme mwenye farasi na upanga, likawa jina la heshima kubwa. La pili lilibaki jikoni, likawa mtu mwovu, mlaghai. Msicheke, kwa maana Kiswahili kimefanya vivyo hivyo. Katika neno moja la « kutuma » tumepata mtume, mtumishi, na mtumwa. Mtume tunamwomba atuombee. Mtumwa aliuzwa sokoni. Tena « nyama » yetu ni mnyama wa porini na ni chakula katika sufuria. Waingereza zamani waliita kila mnyama « deer », leo ni paa na jamaa zake tu; na « meat » ilikuwa chakula cho chote, hata mkate, leo ni nyama peke yake.

Wale waliosoma Kifaransa katika shule zetu watatambua jambo lingine. Ng'ombe akiwa malishoni Mwingereza humwita « cow » au « ox », akiwa mezani ni « beef ». Kondoo « sheep » huwa « mutton ». Nguruwe « pig » huwa « pork ». Lakini hayo ya mezani ni « boeuf », « mouton » na « porc » tu! Mwaka 1066 Wanormandi kutoka Ufaransa waliishinda Uingereza, na kwa miaka 300 wakubwa walisema Kifaransa. Ndiyo maana watu husema: Mwingereza alichunga, Mnormandi alikula. Walter Scott aliieneza habari hiyo katika kitabu chake Ivanhoe, mwaka 1819. Ni ya kupendeza, na ina ukweli, lakini isishikwe sana. Kwa karne nyingi baada ya vita ile Waingereza waliita « beef » hata ng'ombe mzima mwenye pembe, na mpaka ule safi kati ya malisho na meza ulikuja baadaye sana.

Mpaka hapa mtasema: haya ni mambo ya kuchekesha tu. Hapana. Kuna wakati maana ya neno ilikuwa jambo la kufa na kupona.

Mwaka 1526 huko Worms, Ujerumani, kilichapwa kitabu cha Agano Jipya kwa Kiingereza, kilichofasiriwa na padri William Tyndale kutoka katika Kigiriki. Vitabu viliingia Uingereza kwa siri, vimefichwa katika mizigo ya biashara. Thomas More, mwanasheria mkubwa, baadaye waziri wa mfalme, alikisoma na kuandika kitabu kizima cha kukipinga, mwaka 1529. Hakulalamika kwamba Maandiko yamefasiriwa. Alilalamika juu ya maneno, na zaidi juu ya matatu. Tyndale aliacha « church », Kanisa, akaweka « congregation », kusanyiko. Aliacha « priest », padri, akaweka « senior », mkubwa kwa umri. Aliacha « charity », akaweka « love ».

Tyndale alijibu mwaka 1531. Alisema: Kigiriki hakisemi jengo wala wakubwa wa dini, kinasema watu waliokusanyika; na siku hizi mtu akisikia « church » anafikiri mawe au maaskofu. Tena « charity » imekuwa neno la kutoa sadaka tu. More alisema: neno halipati maana yake katika Kigiriki cha zamani, bali katika midomo ya watu wanaolisema. Waingereza kwa mamia ya miaka wameita Kanisa « church ». Kusanyiko lo lote ni « congregation », hata la wasiomjua Kristu. Na « love » ni upendo wo wote, hata ule wa tamaa. « Charity » ni upendo ule mwema peke yake. Ukibadili neno, alisema, umebadili imani bila kumwambia msomaji.

Tukiwasikiliza leo, twaona kila mmoja alikuwa na neno la kweli mkononi. Tyndale mwenyewe alikiri kwamba « senior » si Kiingereza kizuri, na mwaka 1534 akaweka « elder », mzee. Hakujali, au hakupenda kukumbuka, kwamba « priest » lenyewe ni lile neno la Kigiriki la mzee, « presbyteros », lililofupishwa na vinywa vya watu. Na More alifahamu jambo ambalo wataalamu wa lugha wamelikubali baadaye, kwamba mwenye neno ni mkutano wa wasemaji. Lakini alisema kwa ukali mwingi, na katika siku zile wazushi walichomwa moto, naye aliona ni haki. Hatuwezi kuficha hayo.

More alikataa kumkiri mfalme kuwa mkubwa wa Kanisa, akakatwa kichwa tarehe 6 Julai 1535. Mwaka ule ule Tyndale alikamatwa Antwerpen, akafungwa katika ngome ya Vilvoorde, karibu na Bruxelles, na mwaka 1536 alinyongwa, na maiti yake ikachomwa. Watu wawili waliopigania neno « church » walikufa katika muda wa miezi 15 tu, mmoja kwa mkono wa mfalme aliyemtumikia, mwingine katika nchi ya ugenini. Thomas More alitangazwa mtakatifu mwaka 1935.

Na maneno je? Wakatoliki wa Kiingereza waliokimbilia Ufaransa walitoa Agano Jipya lao Reims mwaka 1582: waliweka « church », « priest » na « charity ». Mwaka 1611 Waprotestanti walitoa Biblia ya mfalme James, na mfalme aliamuru « church » ibaki, isiwe « congregation ». « Charity » pia ilibaki pale Mtakatifu Paulo asemapo habari za upendo kwa Wakorinto. Ungesema More ameshinda. Lakini lugha haikusimama. Polepole « charity » ikawa sadaka kwa maskini, sanduku la michango, jinsi Tyndale alivyosema. Na mwaka 1881 wafasiri wa Kiprotestanti waliliondoa, wakaweka « love ». Biblia za Kikatoliki za Kiingereza za karne ya 20 nazo zikafuata. Hivyo More alishinda kwa « church », na Tyndale kwa « love », wote wawili wakiisha kufa zamani. Sisi tulio na « mapendo » na « upendo », tena tujuanao kwa herufi moja tu, ya Kristu na ya Kristo, nani anasali wapi, tusiwashangae Waingereza.

Mfano mwingine wa karibu ni « ghost ». Zamani maana yake ilikuwa roho, na Wakatoliki wa Kiingereza kwa vizazi vingi walimwita Roho Mtakatifu « Holy Ghost ». Lakini katika mazungumzo ya kila siku « ghost » ilikuwa imekwisha kuwa mzimu, kivuli cha mfu kinachotisha watoto usiku. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), Misa ilipowekwa katika Kiingereza, walitumia « Holy Spirit ». Wazee wengine walisikitika, na twawaelewa. Lakini mtoto anayeogopa giza hawezi kufundishwa vizuri kumwomba mzimu.

Mtu atauliza: haya yote yamejulikanaje? Nani aliyekaa akihesabu miaka ya kila neno? Jibu ni kazi moja ya ajabu, ambayo pengine haina mfano.

Vitabu vya maneno vilikuwako. Robert Cawdrey alitoa kidogo mwaka 1604, chenye maneno magumu kama 2.500. Samuel Johnson, akisaidiwa na waandishi sita, alitoa kikubwa mwaka 1755, naye alitia mzaha ndani: shayiri moja ya nchi za baridi aliieleza kuwa chakula cha farasi Uingereza, na cha watu Scotland. Walakini mwaka 1857 chama cha wataalamu wa lugha huko London kiliamua kwamba vyote havitoshi. Walitaka kitabu kitakachoandika maisha ya kila neno: lilionekana lini mara ya kwanza, lilipita wapi, lilikufa lini, na kila hatua ithibitishwe kwa sentensi iliyotolewa katika kitabu cha wakati ule, pamoja na mwaka wake. Wasiseme neno lapasa kuwa na maana gani. Waseme lilikuwa nayo ipi.

Mwaka 1879 kazi ilipewa James Murray, mwana wa fundi cherehani wa Scotland, aliyeacha shule akiwa na miaka 14 na kujifundisha lugha nyingi peke yake. Alijengewa nyumba ya bati yenye visanduku zaidi ya elfu ukutani. Alipewa karatasi ndogo ndogo zilizokusanywa kabla yake, uzito wake kama tani mbili. Katika gunia moja alikuta panya mfu, katika jingine panya hai na watoto wake. Karatasi za maneno yenye kuanza na « Pa » zilikutwa Ireland, nyingi zimekwisha kuwashia moto. Murray aliandika tangazo akiomba watu wa kila hali wasome vitabu na kumpelekea sentensi. Walimu, mapadri, wanawake wa nyumbani walijibu. Watoto wake 11 walipanga karatasi kwa kupata senti kidogo.

Mmoja aliyepeleka maelfu alikuwa daktari Mmarekani, William Minor. Barua zake zilitoka Broadmoor. Murray alifikiri kwanza ni daktari wa mahali pale; kumbe alikuwa mfungwa. Akili yake ilikuwa imeharibika, na mwaka 1872 alikuwa amempiga risasi mtu maskini aliyekwenda kazini usiku, baba wa watoto wengi, akidhani ni adui. Katika chumba chake cha kifungo alisoma vitabu vya zamani na kuandika kwa herufi ndogo nzuri, na neno lo lote Murray alilolihitaji, yeye aliweza kulipata.

Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1884. Murray alikufa mwaka 1915, bado yuko katika herufi T. Wengine waliendelea, kati yao, mwaka 1919 na 1920, Mkatoliki kijana J.R.R. Tolkien, aliyeandika habari za maneno ya herufi W na baadaye akawa mtunzi mashuhuri wa hadithi. Kazi ilikwisha mwaka 1928: maneno zaidi ya 400.000, sentensi za ushuhuda zaidi ya 1.800.000. Neno moja walilisahau kabisa, « bondmaid », mjakazi, ambalo lamo katika Biblia ya mfalme James kwa habari ya Hagari. Karatasi yake ilipotea, na mjakazi hakuingia katika kitabu mpaka nyongeza ya mwaka 1933.

Kanuni ya kitabu kile ni kwamba maana ya zamani kabisa huwekwa ya kwanza, hata kama hakuna mtu anayeijua tena. Buku la kwanza, la herufi A na B, lilimalizika mwaka 1888. Mtu anayetaka kujua « bead » ni nini, akalifungua akitafuta shanga, hazikuti mwanzoni. Mwanzoni anakuta sala.